Kukaa na Pumzi: Msamiati wa Taamuli ya Kibudha Isiyofungamana na Dini, kwa Mfano wa Vanga

Utangulizi

Mji wa Vanga, ulio karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania katika Kaunti ya Kwale, umekaa chini kiasi kwamba maji ya bamvua huingia mitaani. Mikoko imeuzunguka, Mto Umba humwaga maji yake jirani, na si mbali na hapo yapo magofu ya Vumba Kuu, makao ya kale ya Wavumba. Lahaja yao, Kivumba, ilishughulikiwa na H. E. Lambert katika kitabu kidogo alichokichapisha mwaka 1957. Wenyeji walio wengi ni Waislamu, na uvuvi ndio unaowalisha wengi wao. Mtu akitakiwa ataje mahali pa kwenda kuzungumzia zoezi lililotokana na Ubudha, haielekei kwamba Vanga ingekuwa ya kwanza kumjia akilini. Ndiyo sababu imechaguliwa hapa.

Mvuvi wa Vanga huishi kwa kujaa na kupwa kwa maji. Hayasukumi yaje wala hayazuii yasiende. Huyatazama, akajua yalipofika. Mwanafunzi wa taamuli ya Kibudha naye hufundishwa jambo linalokaribiana na hilo, ila kinachotazamwa ni pumzi yake mwenyewe. Swali linaloshughulikiwa katika makala haya ni la mwanafunzi wa lugha kabla ya kuwa la tabibu au mwanafalsafa: ikiwa mwalimu, muuguzi au mshauri angependa kulifundisha zoezi hilo Vanga, pasi na kumtaka mtu abadili imani yake, angesema nini kwa Kiswahili? Itaonekana kwamba neno likichaguliwa vibaya, msikilizaji atadhani anaitwa kwenye ibada nyingine, au kwenye uganga, na kwa neno alilopewa atakuwa na haki ya kudhani hivyo.

Chimbuko la zoezi

Katika Kipali, lugha iliyohifadhi maandiko ya Wabudha wa Theravada, zoezi lenyewe huitwa bhavana, yaani kukuza au kustawisha. Ndani yake mna mikondo miwili: samatha, ambayo ni kuutuliza moyo, na vipassana, ambayo ni kuona kwa undani jinsi mambo yanavyotokea na kutoweka. Yote miwili hutegemea sati, neno ambalo litarejelewa hapa chini kwa sababu ndilo lenye mgogoro mkubwa wa tafsiri.

Kwa karne nyingi taamuli ilikuwa zaidi kazi ya watawa. Mabadiliko makubwa yalitokea Burma. Waingereza walipouangusha ufalme wa nchi hiyo mwaka 1885, dini ilipoteza mlinzi wake, na mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) akaanza kuwahimiza watu wa kawaida wajifunze maandiko na taamuli wao wenyewe. Mkondo huo ulimfikia U Ba Khin, aliyekuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma huru. Naye akamfundisha S. N. Goenka (1924–2013), mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyemwendea mwaka 1955 akitafuta nafuu ya kipandauso. Goenka alianza kufundisha India mwaka 1969, akishikilia kwamba alichokifundisha si dini, na kwamba Mhindu, Mwislamu na Mkristo wangeweza kukifanya bila kuacha walichonacho. Marekani, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliwatungia wagonjwa wenye maumivu sugu mafunzo ya majuma kadhaa, akiwa ameondoa karibu istilahi zote za Kibudha. Stephen Batchelor, mzaliwa wa Uskoti aliyewahi kuwa mtawa, alikwenda mbele zaidi: katika kitabu chake Buddhism Without Beliefs cha mwaka 1997 alidai kwamba mafundisho makuu ya Budha ni kazi za kutenda kuliko kuwa itikadi za kusadiki.

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hizi. Hekalu la Wabudha lililoko Upanga, Dar es Salaam, lina mizizi katika wahamiaji Wasinhala waliofika mwanzoni mwa karne ya 20. Entebbe kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Hao, hata hivyo, ni Wabudha wa dini. Namna isiyofungamana na dini imefika Pwani ya Kusini kwa mlango mwingine, yaani mahoteli ya Diani, ambako yoga na meditesheni ni sehemu ya starehe anazouziwa mtalii. Mtalii haulizi jambo hilo linaitwaje kwa Kiswahili, na mfanyakazi anayemtandikia mkeka halazimiki kujua.

Maneno yaliyopo na kasoro zake

Neno linalotangulia kinywani ni kutafakari. Tatizo lake la kwanza ni la kisarufi. Tafakari ni kitenzi kinachotaka yambwa: mtu akiambiwa "tafakari", atauliza, "nitafakari nini?" Akijibiwa "usitafakari kitu", ataona anachezewa. Katika Kiarabu lilikotoka, neno hilo lina maana ya kufikiri, na taamuli ya pumzi haimtaki mtu afikiri. Tatizo la pili ni la matumizi. Kanisani, tafakari ni mawaidha mafupi juu ya somo la siku. Msikitini, ni kuzingatia ishara za Mwenyezi Mungu katika maumbile. Kote kuwili neno limekwisha kupewa kazi.

Taamuli ni neno lenye heshima, na wanazuoni hulielewa. Ndiyo maana limetumika katika anwani ya makala haya. Lakini ni neno la kamusi. Litafaa katika jarida, si katika baraza la akina mama wanaosuka ukili. Baadhi ya watu hutumia tahajudi kwa maana hii, na hapo ndipo kosa linapokuwa kubwa. Kwa Mwislamu wa pwani, tahajudi ni sala ya sunna ya usiku baada ya mtu kulala na kuamka. Kumwambia kwamba atafundishwa "tahajudi ya Kibudha" ni kumwambia kwamba atafundishwa kuswali kwa namna nyingine. Vijana wa mjini husema meditesheni, neno lisilo na hatia lakini lisilo na picha pia: anayelisikia kwa mara ya kwanza hapati pa kushika.

Basi itafutwe njia katika maneno ya kawaida ya kuelekeza akili. Hapa lugha inatoa funzo ambalo huenda mtafiti hakulitarajia. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya namna hii: angalia, kuwa macho, kuwa makini, chunga, tahadhari. Yatamkwe kwa sauti, na itasikika kwamba karibu yote ni maonyo. "Angalia!" huambiwa mtoto anayekaribia kisima. "Kuwa macho" huambiwa msafiri. "Kuwa makini" ni kauli ya mwalimu aliyekwisha kukunja uso. Ni kana kwamba lugha inadhani mtu hatazami ila pana hatari. Taamuli inayozungumziwa inataka kinyume chake, yaani macho yaliyo wazi katika moyo usiotishwa.

Upungufu huo unazibwa na kundi jingine la maneno, ambalo ni la Kibantu na la zamani. Kutua ni kuuweka mzigo chini. Kutulia kumetokana na mzizi huohuo. Kupumua, pumzi na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja: Mswahili anapopumzika, kwa mujibu wa lugha yake, anapata pumzi. Hata nafasi, neno la mkopo, lina asili katika neno la Kiarabu lenye maana ya pumzi. Kwa hiyo uhusiano baina ya pumzi na utulivu haukuja na kozi ya Massachusetts. Ulikuwamo katika mofolojia.

Uchaguzi wa pumzi badala ya roho nao si wa hivi hivi. Roho pia ina historia ya pumzi na upepo, na bado husemwa mtu amekata roho. Lakini mwalimu akisema "itazame roho yako", amekwisha kuingia katika eneo la masheikh na mapadri. Pwani ya Kusini kuna tahadhari nyingine. Huko watu wanajua ngoma za pepo na kazi ya waganga wa kupunga. Mtu aliyeketi, amefumba macho, anapumua kwa namna ya pekee huku mwingine akimwelekeza, anaweza kuonekana kuwa anapandishwa. Mwalimu asiyelijua hili ataona wanafunzi wakipungua bila kuambiwa sababu.

Ugumu wa kusema "bila dini"

Neno jingine linaloleta taabu ni lile linalopaswa kuwaondolea watu hofu. Ikisemwa taamuli "ya kidunia", msikilizaji wa Vanga husikia dunia ikipingwa na akhera. Mambo ya kidunia ni yale yanayomsahaulisha mtu mwisho wake. Ikisemwa "isiyo na dini", hali inazidi kuharibika, maana "hana dini" ni tusi: huambiwa mtu asiye na huruma wala haya. Hivyo fasiri ya moja kwa moja ya dhana ya Kimagharibi inaligeuza zoezi la kutuliza moyo kuwa zoezi la kuuharibu. Maneno "isiyofungamana na dini" ni marefu na yana harufu ya ofisi, lakini hayamtukani mtu. Katika mazungumzo, pengine yafaa zaidi kusema waziwazi: "zoezi hili halimtaki mtu dini, wala halimwondolei aliyo nayo."

Je, kauli hiyo ni ya kweli? Hapa pana hoja nzito kuliko za msamiati. Wapo Wabudha wanaolalamika kwamba taamuli iliyong'olewa kutoka katika maadili na mafundisho yake ni mti usio na mizizi. Wapo Waislamu wanaoweza kusema kwamba kitu hakiachi asili yake kwa kubadilishwa jina. Malalamiko yote mawili yanastahili kusikilizwa. Katika Ubudha wa Theravada lengo la vipassana ni kuona, pamoja na mengine, kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Mwislamu au Mkristo hawezi kuambiwa kwamba fundisho hilo halimgusi. Linaloweza kusemwa kwa uaminifu ni kwamba kuitazama pumzi kwa dakika kumi hakumlazimishi mtu kufikia hitimisho hilo, na kwamba atakayetaka kulifuata hadi huko atajua kuwa amevuka mpaka.

Sati na dhikri

Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon, alilifasiri neno sati kwa neno la Kiingereza mindfulness, na fasiri hiyo ikashika mizizi hata ikawa jina la zoezi zima ulimwenguni. Lakini sati, kama ndugu yake wa Kisanskriti smriti, kwa asili ni kumbukumbu. Anayetazama pumzi husahau kwamba anaitazama; kisha hukumbuka, akarudi. Kukumbuka huko ndiko sati.

Msomaji anayejua Kiarabu atakuwa amekwisha kuona jambo. Dhikri pia, kwa asili, ni kukumbuka. Pwani ya Waswahili imekuwa na mila ndefu ya kukumbuka kwa ulimi na kwa moyo. Ratibu ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad (1634–1720) inasomwa hadi leo, na masharifu wa ukoo wa Ba-Alawi alimotoka imamu huyo ndio waliotoa madiwani wa Vumba. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikitenga kitabu kizima cha Ihya kwa ajili ya murakaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi na kuihesabia, na katika mlango wa sala akasisitiza kuhudhuria kwa moyo. Kwa hiyo anayewaendea watu wa Vanga akidhani kwamba anawaletea habari mpya ya kuutunza moyo usitangetange, atakuwa amewafundisha wavuvi kuogelea.

Ufanano huu una mtego. Ni rahisi kusema, "hii ni dhikri tu kwa jina jingine," na msikilizaji atatabasamu na kukubali. Lakini dhikri ina anayekumbukwa. Sati haimkumbuki yeyote. Inakumbuka tu kwamba sasa ni sasa. Tofauti hiyo si ndogo, na mwalimu anayeificha ili apate wanafunzi anawakosea Waislamu na Wabudha kwa pamoja. Afadhali aseme kwamba njia mbili zinatumia misuli mmoja wa moyo, na kwamba zinaelekea kwingine na kwingine.

Mfano wa tende unaweza kulifafanua hili. Katika mafunzo ya Kabat-Zinn, mwanafunzi hupewa zabibu kavu moja, aishike, ainuse, aitie mdomoni na kuitafuna polepole kama mtu asiyewahi kuiona. Katika Vanga kila Mwislamu anayefunga anaijua hali hiyo: tende ya kwanza ya futari, jua likiwa limetua, ulimi ukiwa umekauka. Hakuna anayeimeza bila kuisikia. Hata hivyo tende ile imetanguliwa na nia na dua, nayo zabibu imetanguliwa na maelekezo ya mwalimu. Utamu ni mmoja, lakini anayeshukuriwa yuko upande mmoja tu.

Faida na mipaka yake

Haifai kulisifu zoezi kuliko linavyostahili. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichambua majaribio 47 yaliyohusisha watu 3,515, wakakuta ushahidi wa wastani kwamba mafunzo ya aina hii hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakupata ushahidi kwamba yanashinda dawa, mazoezi ya viungo au tiba nyinginezo. Nchini Uingereza, matokeo ya utafiti mkubwa wa shule 85 yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba kuwafundisha wanafunzi wote kwa pamoja kuliwasaidia kuliko masomo yao ya kawaida. Zaidi ya hayo, kuna watu ambao kukaa kimya na kufumba macho huwarudishia mambo mazito waliyoyapitia. Hao wanahitaji mhudumu wa afya, na kutoka Vanga hadi hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni si mwendo mfupi.

Mpaka mwingine ni wa haki. Ronald Purser, katika kitabu alichokitoa mwaka 2019, aliikosoa biashara ya taamuli kwa kuwa inamfundisha mfanyakazi kuvumilia ndani ya moyo wake yale yaliyopaswa kurekebishwa nje yake. Hoja hiyo inaihusu Vanga moja kwa moja. Mtu ambaye nyumba yake inaingiwa na maji ya bamvua, au ambaye dema lake linatoka tupu siku hata siku, ana sababu ya kuhangaika. Bahari haizuiwi kwa pumzi. Mwalimu atakayekwenda huko akiwa na taamuli badala ya ukuta, badala ya boti na badala ya soko, asishangae akiulizwa nani amemtuma.

Suala la kutaja asili

Linabaki swali la uaminifu. Je, mwalimu ataje jina la Budha, au alinyamazie? Wapo wanaoshauri kunyamaza, kwa hoja kwamba jina litawafukuza watu. Historia ya pwani inashuhudia kinyume chake. Wakati wa ukoloni, kusoma na kuandika kwa hati za Kirumi kulifundishwa sana katika shule za misheni, pamoja na dini ya wamisheni. Wazazi wengi Waislamu waliona kwamba ndani ya kalamu mna ubatizo, wakawazuia watoto wao, na hasara ya miaka hiyo ilihesabiwa kwa muda mrefu baadaye. Waliokataa hawakuwa wajinga, kwani kweli kulikuwa na nia mbili katika kitu kimoja. Siku hizi kijana wa Vanga ana simu. Akifundishwa "kikao cha pumzi" bila kuelezwa kimetoka wapi, jioni hiyohiyo ataiona sanamu ya Budha kwenye intaneti, na pale pale imani yake kwa mwalimu itakuwa imekwisha. Sentensi moja siku ya kwanza yatosha: zoezi limetokana na Wabudha, hapa linafundishwa bila ibada yao, na asiyependa ana ruhusa ya kuondoka bila kuulizwa.

Mfano wa maelekezo

Kwa kuwa hoja za msamiati hupimwa katika matumizi, ufuatao ni mfano wa maelekezo yanayoweza kusomwa mbele ya kikundi.

"Kaa mahali palipotulia, juu ya mkeka au kiti, mgongo ukiwa wima bila kukakamaa. Macho yafumbe ukipenda, au yaelekeze chini. Huombi chochote wala humwiti yeyote. Isikie pumzi pale inapopita: puani, kifuani au tumboni, chagua mahali pamoja. Usiirefushe wala usiifupishe. Ikiingia, jua inaingia. Ikitoka, jua inatoka. Baada ya muda moyo utaondoka. Utakwenda kwenye deni, kwenye mtoto, kwenye neno uliloambiwa jana. Si kosa. Ukikumbuka kuwa umeondoka, umesharudi. Anza tena na pumzi inayofuata. Ukizidiwa na hofu, fumbua macho, gusa sakafu kwa mkono, simama ukitaka."

Sentensi ya tatu imewekwa kwa ajili ya makundi mawili: anayedhani kuwa hii ni dua, na anayedhani kuwa pepo anaitwa. Kitenzi kusikia kimetumika badala ya kuhisi kwa sababu Mswahili husikia baridi, husikia njaa na husikia uchungu, hakihitaji masikio. Moyo umetumika badala ya akili kwa kuwa, katika usemi wa pwani, kinachotangatanga ni moyo. Na Kipali nacho kina neno citta, linalobeba moyo na akili kwa pamoja, kwa hiyo hapa Kiswahili kimemfuata Budha kwa karibu kuliko Kiingereza. Katika "umesharudi" kiambishi -sha- kina uzito wake. Kingesemwa "utarudi", mwanafunzi angeanza safari ya pili. Lakini kule kukumbuka ndiko kurudi kwenyewe, na kitendo kimekwisha kabla hajakitafuta.

Wakati unaofaa Vanga ni baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limepoa. Dakika kumi zatosha kwa kuanzia, na kikao kimalizike mapema kabla ya adhana ya magharibi, ili mtu asilazimike kuchagua baina ya pumzi yake na mwadhini.